Hamamu Iliyofungwa Kabla ya Theluji

Ain Rihana, 9 Oktoba 2018

Dada yangu Najet,

Haya, nimeshika kalamu. Ulisema mambo ya maana hutaki tena kuyazungumza kwenye simu, kwa sababu kwenye simu nakuchekesha hadi unasahau ulichotaka kuuliza. Wassila ananitazama ninavyoandika na anauliza nani kafa. Nimemwambia hakuna aliyekufa, ni dada mkubwa ametoa amri.

Sote wazima. Watoto wamerudi shule, nami nimerudi na filimbi yangu kuwakimbiza watoto wa wenzangu. Mizeituni ya marehemu baba imezaa vizuri upande wa bondeni. Upande wa juu nguruwe mwitu wameshaufanya kuwa wao. Mama hajambo. Ameanza kuilalamikia baridi kabla haijaja, kwa hiyo ujue yuko sawasawa. Anakusalimu wewe na mjukuu wake Ines, na anauliza kama shemeji Moncef bado anakoroma kama trekta.

Sasa habari yenyewe. Baraza letu la manispaa limeanza kazi ya kuufufua mji, nami nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Usicheke. Uwanja wa chemchemi unatandikwa mawe mapya. Kutakuwa na taa, viti, vyoo vya umma vyenye milango inayofungika, maktaba ya watoto pale palipokuwa posta ya zamani, na katikati bwawa la mapambo lenye maji yanayoruka juu na kubadilika rangi. Hamamu imefungwa kwa muda mfupi kwa ajili ya ukarabati. Tumeishi miaka yote katika mji ambao watu huupita kwenda kwingine kutazama misitu na theluji. Safari hii watashuka garini.

Njoo kiangazi uone. Moncef mwambie aje na wavu wake wa kuvulia, mto umejaa.

Mdogo wako,
Lazhar


Marseille, 2 Novemba 2018

Lazhar,

Barua yako nimeisoma nikiwa bado na aproni, jikoni shuleni, watoto wamekwisha kula na sufuria zinaningoja. Ines hajambo, anakusalimu, amepata kazi ya muda kwenye duka la miwani. Mimi magoti yanasema maneno yao asubuhi, mchana yananyamaza. Wabusu watoto. Wassila mpe pole kwa kuolewa na mwenyekiti.

Vyoo vyenye milango nimevifurahia. Maktaba nimeifurahia zaidi. Nilisoma kwa mwanga wa jiko la Mama, sitabeza maktaba.

Lakini nieleze. Hamamu mmeifunga Oktoba. Nani mwenye akili zake anafunga hamamu ya Ain Rihana Oktoba, theluji ikiwa mlangoni? Wanawake wanaoga wapi? Unajua nyumba za mtaa wetu. Bomba liko uani, na maji yake Desemba yanakata vidole. Mama anakwenda hamamu kila Alhamisi tangu alipokuwa mwali. Kule ndiko mifupa yake inakopata moto wa kuifikisha wiki ijayo. Kule ndiko alikokuchagulia mke, kama umesahau.

Umeandika "kwa muda mfupi". Mfupi ni upi? Kazi imeanza? Nani anaifanya?

Nijibu hayo kwanza, halafu uniambie rangi za maji.

Najet


Ain Rihana, 21 Desemba 2018

Dada Najet,

Samahani kwa kuchelewa. Theluji ilifunga barabara, posta haikushuka bondeni, na kazi za manispaa zimenifika shingoni. Salamu zako zimefika kwa wote. Wassila anasema pole ameipokea na anaomba uongeze nyingine. Hongera kwa Ines. Moncef je? Hukumtaja.

Uwanja umekwisha. Najua nitasikika kama kipeperushi cha uchaguzi, lakini ungeona mwenyewe. Mawe yameletwa ya rangi ya asali, taa zimewekwa kuanzia msikitini hadi kwenye ngazi, vyoo vimefunguliwa, na bwawa limejaribiwa wiki iliyopita. Wazee wa mkahawani walisimama kulipigia makofi. Mgeni mkubwa kutoka mji mkuu amealikwa kuja kuzindua mwishoni mwa Machi, maua yakichipua. Meya, Bwana Ridha, amenipa mimi niandae sherehe.

Kuhusu hamamu, iligundulika kwamba kuta zina unyevu zaidi ya ilivyodhaniwa. Ikaonekana ni vyema kazi yake ihamishiwe awamu ya pili. Suala hilo linaangaliwa.

Mama ana mafua kidogo. Kwa sasa yuko kwetu, ni rahisi zaidi kwa ajili ya joto. Simu huku juu inasumbua sana msimu huu, ukipiga usihangaike ikikatika.

Nakutakia mwaka wenye heri.

Lazhar


Marseille, 11 Januari 2019

Lazhar,

Sote wazima. Mvua inanyesha. Salamu nimezimaliza.

Nimesoma barua yako na kuirudia, nikitafuta mtu ndani yake. Simwoni. Iligundulika. Ilidhaniwa. Ikaonekana. Linaangaliwa. Hao waliogundua na kudhani na kuona na wanaoangalia hawana majina? Hamamu imejifunga? Uwanja ulikuwa na wajenzi, hamamu ina unyevu tu. Wewe ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Kikao kilipoamua, mkono wako ulikuwa wapi?

Na jingine. Mama yuko kwenu. Mama huyu huyu, ambaye siku ya arusi yako alikataa kulala kwako hata usiku mmoja, akasema kitanda chake kitamsusa? Mama ambaye mafua huyatibu kwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu na kumfukuza daktari? Mafua hayamtoi Mama nyumbani kwake.

Nimepiga simu tangu Krismasi ya hawa wenzetu. Kila nikipiga, Wassila anasema amelala. Saa nne asubuhi amelala. Alasiri amelala. Mara ya mwisho nilisikia sauti yake nyuma ikiomba maji, halafu Wassila akasema mtandao mbaya.

Mnanificha nini?

Najet


Ain Rihana, 30 Januari 2019

Dada,

Nakuandikia bila utani.

Mama alianguka mwanzoni mwa Desemba. Ilikuwa Alhamisi. Alikuwa amechemsha maji kwenye jiko la gesi uani, akawa anayaingiza ndani kwa beseni, na kizingiti kilikuwa na barafu. Nyonga ya kushoto ilivunjika, na maji yakamuunguza mkono, si sana. Hasna jirani ndiye aliyemsikia. Nilimbeba mwenyewe hadi kwenye gari, na barabara ya kwenda hospitali ilikuwa nusu imefunikwa. Alipasuliwa, akawekewa chuma. Anakaa, anakula, anasimama akishikwa. Kutembea bado.

Ni yeye aliyenikataza kukuambia. Alisema, "Najet akijua ataacha kazi aje, halafu tutakuwa wawili tunaolia." Nikamtii. Ungefanya nini wewe?

Kwa kuwa umenihukumu, nami nina langu. Uliondoka hapa Ines hajazaliwa. Kila kiangazi unakuja na masanduku, unapika, unatukosoa, unalia kwenye kituo cha basi, basi. Aliyebaki ni mimi. Niliyemzika baba kwenye tope ni mimi. Ninayemshika Mama mkono kwenda msalani ni Wassila. Mji huu ulikuwa unakufa, vijana wote wanataka kuwa kama wewe, kuondoka. Nilitaka kifanyike kitu kinachoonekana kwa macho, hata kimoja. Unajua inavyokuwa kukaa kwenye baraza na watu wanaosubiri tu ushindwe?

Unaniuliza mkono wangu ulikuwa wapi. Mimi nimekuuliza habari za Moncef, mara hii ni ya tatu. Kila mtu ana analolinyamazia.

Lazhar


Marseille, 17 Februari 2019

Lazhar,

Barua yako ilikaa juu ya friji kwa siku kadhaa kabla sijaweza kuijibu. Kila nikianza, kalamu ilitoboa karatasi.

Kwanza, asante kwa kumbeba Mama. Sisemi hivyo kwa adabu. Mwambie Wassila namshukuru, na kwamba kanzu ya buluu aliyokuwa akiitamani itakuja na mtu anayeshuka huko mwezi ujao. Yeye hana kosa.

Pili, Moncef. Ameondoka tangu Ramadhani iliyopita. Anaishi ng'ambo ya bandari na mwanamke anayeuza samaki, na sitaki pole ya mtu. Sikukwambia kwa sababu ungemwambia Mama kwa sauti yako ile ya kuchekesha, naye angejifanya anacheka. Basi, langu limetoka, na halikumvunja mtu nyonga.

Sasa lako. Nimempigia Hasna, nikamwambia aende kwenu mchana wakati wewe uko shule na ampe Mama simu yake mkononi. Tumezungumza hadi salio likaisha. Hasna naye akanieleza alichokiona. Kumbe Septemba, siku ya kikao, alikuwa amekaa kwenye viti vya wananchi, maana vikao vyenu viko wazi ila hakuna anayekwenda. Alimsikia Bwana Ridha akisema chemchemi haina nguvu ya kulisha bwawa na hamamu pamoja, na kwamba hamamu ni jengo zuri, kuta nene, kuba, litafaa kuwa mkahawa wa wageni. Akauliza nani anaafiki. Hasna anasema mkono wako ulikuwa wa pili kuinuka.

Hakuna unyevu, Lazhar. Hakuna awamu ya pili. Mmeyachukua maji ya wanawake mkayapeleka yakarushwe hewani yabadilike rangi, na Mama yako akabaki anabeba beseni kwenye barafu. Na wewe ukamlaza chumbani kwako na kumwambia amefungiwa hamamu kwa sababu ya unyevu. Mwanamke aliyekuogesha mle ndani hadi ulipofika umri wa wanawake kukutoa nje.

Unasema ulitaka kitu kinachoonekana. Ndiyo, bwawa linaonekana. Mwanamke anayeoga haonekani, kwa hiyo kwenu hayupo. Maktaba uliyonitajia, Hasna anasema chumba kimepakwa rangi na kimefungwa kwa kufuli, vitabu hakuna. Mlango tu ndio unaopigwa picha.

Mama aliniuliza swali, nikamwambia mimi sina jibu, akaulize barazani.  Akasema, "Kiti cha kunibebea kipo?" Nikamwambia amuulize Hasna.

Sikutishi. Nakuarifu.

Najet


Ain Rihana, 24 Machi 2019

Dada Najet,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaeleza kama ilivyokuwa.

Jumatatu kulikuwa na kikao, cha mwisho kabla ya uzinduzi. Tulikuwa tunajadili mazulia ya mgeni. Mlango ukafunguliwa, wakaingia wanawake, na Mama katikati yao juu ya kiti cha jikoni, amebebwa na Hasna na wenzake watatu. Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Wote walikuwa na ndoo zao za hamamu, na taulo mabegani. Hawakupiga kelele. Walimweka Mama mbele ya meza, naye akatengeneza shela lake, akasubiri tunyamaze.

Akasema, "Bwana Meya, nina swali moja. Mimi nioge wapi?"

Bwana Ridha alimwita "mama yetu", akamwambia moyo wake unaumia, na kwamba jambo hilo liko katika awamu ya pili.

"Awamu ya pili ni mtaa gani?" Mama akauliza. "Nimebebwa, naweza kufika."

Watu walicheka, hata madiwani. Mimi sikucheka, maana alikuwa amekwisha kunigeukia. Hakuniita Lazhar. Hakuniita mwanangu. Alisema, "Na wewe, Diwani? Nioge wapi?"

Dada, darasani nina sauti ya kusimamisha wanafunzi mia.  Pale nilitazama karatasi ya mazulia. Mama akangoja, kisha akamwambia Hasna, "Tumekwisha kujibiwa. Alhamisi tutaoga palipo na maji."

Hakurudi kwangu siku ile. Walimpeleka nyumbani kwake, na Wassila akachukua godoro akaenda kulala huko naye. Kwangu nilibaki na watoto na supu ya juzi.

Alhamisi baada ya adhuhuri nilikuwa uwanjani na mafundi wa taa. Wakaja. Walikuwa na mashuka ya vitanda, walikuwa na kamba, na wakayafunga kutoka nguzo ya taa hadi nguzo ya taa, kulizunguka bwawa lote. Sijawahi kuona mashuka mengi namna ile, mengine ya arusi. Wakaingia ndani yake na ndoo, na Mama juu ya kiti chake. Theluji ilikuwa bado imekaa kwenye paa za kaskazini.

Wanaume wa mkahawani waliinuka. Nilidhani watazomea. Waligeuza viti vyao vyote vikatazama ukuta, wakakaa tena, hakuna aliyegeuza shingo. Askari wa manispaa naye akageukia msikiti. Uwanja mzima ulikuwa migongo. Mimi pia niligeuka. Kwa hiyo sikuona, nilisikia. Nilisikia ndoo ikijazwa. Halafu nikamsikia Mama alipomwagiwa ile ndoo ya kwanza. Haikuwa sauti ya mtu anayelalamika. Ni pumzi iliyokatwa tu, kama mtu aliyechomwa kitu. Akatulia, akasema, "Ongeza."

Bwana Ridha alikuja mbio kutoka ofisini, uso mwekundu. Aliniambia mgeni atasikia, picha zitasambaa. Akasema, "Funguo za maji unazo wewe. Funga. Yakikauka wataondoka wenyewe."

Nilimwambia, "Mama yangu ana sabuni kichwani."

"Ndiyo maana nakwambia wewe na si mwingine," akasema. "Watakuheshimu."

Chumba cha koki kiko nyuma ya hamamu, chini ya ngazi, unakijua, tulikuwa tunajificha humo. Nilishuka. Kuna koki mbili tu, moja ya bwawa na moja ya hamamu. Hii ya hamamu niliikuta imefungwa kwa mnyororo ambao ufunguo wake sikuwa nao. Nilifunga ya bwawa, na wanawake wakapiga yowe huko juu, na nadhani lile yowe lilikuwa la kunizomea mimi. Nikauvunja mnyororo kwa jiwe la rangi ya asali, yamebaki mengi pale. Nikafungua ya hamamu hadi mwisho. Ilikuwa imeshika kutu, imenichubua viganja.

Nikapanda, nikavunja kufuli ya mlango wa mbele, nikasimama nje ya mashuka nikiwa nimewapa mgongo. Nikasema kwa sauti, "Hamamu iko wazi. Maji yapo ndani. Ni ya baridi, nipeni muda niwashe tanuri."

 Halafu mashuka yakafunguliwa upande mmoja na wakapita nyuma yangu na kile kiti. Nilisikia harufu ya sabuni ya kijani.

Tanuri lilikuwa limekaa baridi tangu Oktoba. Kuni hapakuwapo. Nikachukua mbao za jukwaa la mgeni, lilikuwa limekwisha kuundwa nusu. Wazee wa mkahawani waliona ninachobeba, wakainuka, wakaja kusaidia. Mmoja alileta magogo ya mwaloni kutoka kwake. Bwana Ridha alisimama anapiga simu. Jua lilipoelekea kilimani bomba la moshi lilikuwa linatoa moshi, na kutoka ndani tukasikia wanawake wanaimba.

Jana baraza lilikaa. Nimevuliwa uenyekiti kwa kuharibu mali ya umma, maana yake jukwaa na kufuli. Kuhusu maji walipiga kura. Ukumbi ulikuwa umejaa ndoo tena. Hamamu imebakishiwa maji, kwa kura moja. Hiyo moja haikuwa yangu, mimi nilitolewa nje nisipige. Nadhani ni ya yule mzee wa magogo, yeye ni diwani wa mtaa wa juu na hajawahi kusema neno tangu tuchaguliwe. Bwawa ni kavu. Mgeni ametuma salamu kwamba ana udhuru.

Nilikwenda kwa Mama leo asubuhi. Alikuwa amekaa mlangoni, mashavu mekundu, fimbo kando yake. Nilitaka kumbusu mkono. Aliurudisha ndani ya shela. Akasema, "Usijisifu. Hukunipa kitu. Umerudisha ulichochukua. Nyonga yangu nani atairudisha?"

Nilikaa pale kizingitini hadi akaingia ndani. Hakunifukuza, hakunikaribisha.

Tanuri halina mtu wa kulilisha, maana manispaa imekataa kulipa mshahara huo. Kwa sasa nalilisha mimi, alfajiri kabla ya shule na tena jioni. Wanafunzi wangu wamegundua na wananiita Bwana Moshi.

Sikuombi uniombee kwake. Nimekueleza tu.

Lazhar


Marseille, 8 Aprili 2019

Lazhar,

Ines amenisomea barua yako kwa sauti, kwa sababu mimi nilikuwa nakata vitunguu na nilitaka kisingizio. Alipofika kwenye migongo alikatisha kusoma.

Bado nina hasira nawe. Nimejipima asubuhi hii nikaikuta ipo, mahali pake. Hayo ya kutazama karatasi ya mazulia Mama akikuuliza swali, sijui kama nitaweza kuyameza hata nikiishi miaka mingi. Na Mama yuko sahihi, mtu asimharakishe kukupa mkono uubusu. Siwezi kumwomba asamehe nyonga ambayo si yangu.

Nimetoa taarifa shuleni. Nitamalizia muhula, halafu watatafuta mpishi mwingine. Sitakuja na masanduku ya kiangazi safari hii, nakuja na vyombo vyangu vyote, na Ines ataamua mwenyewe kama atafuata. Chumba cha mbele kwa Mama kinanitosha. Mwambie Hasna kikao cha kwanza cha Julai aniwekee nafasi karibu naye. Nataka kuiona hiyo maktaba ikifunguliwa kufuli, na nataka kuona vitabu ndani.

Meli inafika Tunis, nitapanda gari la abiria mwenyewe hadi huko juu. Usinipangie mapokezi. Panga kuni.

Dada yako,
Najet